Kabla Hujauza Gunia Ubadilishe Pikapu

Ndugu msikilizaji, nikitamka neno pikapu hapa Tunduma, wengi watageuka kutazama barabarani, wakidhani naulizia gari la kubebea mzigo kwenda Mlowo au Vwawa. Leo naomba unielewe vingine. Pikapu ninayoizungumzia ni kile kipande kilichopachikwa chini ya nyuzi za gitaa la umeme. Mimi hukiita sikio la gitaa.

Kilichonisukuma ni kijana mmoja wa Mbozi, anayepiga gitaa la solo katika kwaya ya kanisani kwao. Gitaa lake ni la mtumba, lilinunuliwa ng'ambo ya mpaka, Nakonde. Alinijia na malalamiko matatu. Pikapu ya karibu na daraja ilitoa sauti hafifu mno. Gitaa lilinguruma hata nyuzi zikiwa zimetulia. Tena noti nyingine hazikupatana na kwaya, ingawa alikuwa amekwisha kulisawazisha. Mtu alikuwa amemshauri anunue pikapu kali kuliko zote, naye alikuwa amekubaliana na mama yake wauze magunia matatu ya mahindi, ilhali mavuno bado. Jamani, gunia la mahindi kabla ya mavuno ni chakula cha nyumba nzima. Nikamwambia: mwanangu, subiri kwanza tuelewane.

Pikapu ni sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba mwembamba kama unywele, mara elfu kadhaa. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake, huzaa umeme mdogo sana ndani ya waya huo, na umeme huo ndio unaokwenda kwenye amplifaya. Ndiyo maana nyuzi za nailoni hazisikiki kwenye pikapu ya namna hii.

Ziko aina mbili kubwa. Ya kwanza ina koili moja. Gitaa la Stratocaster, lililotolewa na kampuni ya Fender ya Marekani mwaka 1954, lilikuwa na pikapu tatu za namna hiyo. Sauti yake ni angavu, na kila noti inasimama peke yake. Kasoro yake ni kwamba hunasa pia mngurumo wa umeme wa majumbani.

Mwaka 1955 fundi wa kampuni ya Gibson, Seth Lover, alibuni dawa ya mngurumo huo. Aliweka koili mbili bega kwa bega, zimeunganishwa kinyume, na sumaku zake nazo kinyume. Mngurumo ulioingia koili moja ukafutwa na ule wa koili ya pili, lakini sauti ya nyuzi ikajumlishwa. Pikapu ya koili mbili ina sauti nene na tulivu, ila hupoteza kiasi cha ule mng'ao wa juu.

Sasa ipi bora? Hilo ni sawa na kuuliza kati ya jembe na panga kipi bora. Sisi wa Tunduma tumekaa katikati ya mitindo miwili. Upande wa Tanzania tunao muziki wa dansi, kama alivyoupiga marehemu Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki mwaka 1979: magitaa yanajibizana, na kila moja lazima lisikike safi. Hapo koili moja inafaa sana. Upande wa Zambia, miaka ya 1970, vikundi kama WITCH na Ngozi Family vilipiga mtindo ulioitwa Zamrock, ambamo gitaa hukwaruzwa kwa makusudi. Ukikuza sauti kwa namna hiyo unaukuza na mngurumo, kwa hiyo koili mbili zina nafasi yake.

Na ile pikapu kali je? Ukali hupatikana kwa kuongeza mizunguko ya waya au sumaku yenye nguvu zaidi. Waya ukizidi, kelele huongezeka lakini sauti nyembamba za juu hufifia. Solo ya kwaya ikipoteza sauti hizo, inazama katikati ya waimbaji. Kijana angeuza mahindi ili asisikike vizuri!

Tukaenda kwa fundi redio hapa mjini. Alipolifungua, alikuta waya wa ethi unaokwenda kwenye daraja umekatika. Akaulehemu, na mngurumo ukapungua sana. Pikapu ya shingoni ilikuwa imeinuliwa mno, sumaku inavuta nyuzi na kuzipotosha. Tukaishusha kwa bisibisi mpaka ikabaki nafasi ya milimita 3 hivi, uzi ukiwa umebanwa kwenye kituo cha mwisho. Noti zikarudi mahali pake. Kisha fundi akapima koili kwa mita. Ya shingoni ilisoma omu 6,000 na kitu, ambayo ni afya njema kwa koili moja. Ya daraja haikusoma chochote: waya wake ulikuwa umekatika ndani. Hiyo ndiyo iliyohitaji kubadilishwa, na hiyo peke yake.

Basi, nawe ukitaka kununua, pima kwanza tundu. Ya koili mbili ina upana wa karibu sentimita 4, nayo haiingii penye nafasi ya koili moja bila kutoboa mbao. Angalia pia kile kifaa cha kuzungusha cha kupunguzia sauti: koili moja kwa desturi hutumia cha omu 250,000, koili mbili cha 500,000. Ukikosea, sauti itakuwa kali ya kukera au itafifia. Na chagua nguvu inayolingana na pikapu itakayobaki, isije moja ikapiga kelele na nyingine ikanong'ona.

Kijana alipiga kwa pikapu ya shingoni hadi mavuno. Baadaye akauza gunia moja, akanunua pikapu ya koili moja yenye nguvu ya wastani. Magunia mawili yalibaki ghalani kwa mama yake.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi naongeza: usijenge ukuta kabla hujautazama ufa ulipo. Hadi wiki ijayo, nawatakia usikivu mwema.