Kigogota wa Msituni: Mtazame Usoni

Asubuhi moja hapa Minnesota binti yangu alisimama dirishani akimtazama kigogota akigonga mti uliopukutika majani. Akaniuliza, "Baba, kwa babu Mautuma wapo?" Wapo, mwanangu. Ila kuna wa shambani na kuna wa msituni, na wengi wetu tuliokulia huko Lugari, magharibi mwa Kenya, tunawachanganya.

Yule wa nyumbani, mwenye kichwa cha kijivu na kiuno chekundu kinachoonekana akiruka, ni kigogota wa kijivu. Huyo huridhika na mti wowote uliosalia pembeni mwa mahindi. Mautuma ni nchi ya mashamba waliyogawiwa wakulima baada ya Uhuru, na vivuli vingi ni vya mikaratusi.

Wa msituni sharti umfuate kusini, Msitu wa Kakamega, kipande cha misitu ya mvua ya Kongo kilichobaki upande wetu. Humo yumo kigogota wa taji la manjano, ambaye nchini Kenya makao yake ni Kakamega na Nandi tu, ingawa magharibi anafika hadi Kamerun. Mskoti Hargitt, mtaalamu wa ndege, alimwelezea kisayansi mwaka 1883.

Utamjuaje? Usihangaike na mgongo. Vigogota wengi wana mgongo wa kijani. Mtazame usoni: ni mweupe, umepitiwa na mistari miwili myeusi, mmoja nyuma ya jicho, mwingine chini ya shavu. Kifua ni cheusi-kijani chenye madoadoa meupe. Dume ana manjano kisogoni, jike hana. Wekundu kichwani hamna kabisa, na hilo ndilo linalomaliza ubishi. Ukiona baka la kahawia sikioni, huyo ni jamaa yake mwingine wa msitu huohuo.

Hukaa juu sana, kwa hiyo tangulia kusikiliza. Akitafuta buu hugonga polepole, hapa na pale. Akitangaza mipaka yake hupiga mfululizo kama ngoma. Akishika gogo utaona mkia mgumu umekandamizwa kwenye gome, unamtegemeza.

Tundu lake hulichonga kwenye mti mkavu, mti uleule tunaouita kuni. Akihama, ndege wengine hurithi nyumba.

Ukienda likizo Desemba, fika Buyangu au Isecheno alfajiri, ukiwa na mtembezaji wa hapo. Na mzee akishika shoka kuuendea mti mkavu wa mpakani, mwombe auache usimame.