Oreksini: Ramani ya Ubongo wa Panya na Fumbo la Usingizi

Mtu anayesinzia katikati ya mazungumzo, au anayelegea magoti ghafla kila achekapo, mara nyingi huitwa mvivu au hudhaniwa amerogwa. Huenda ana nakolepsi, maradhi ya ubongo ambayo chanzo chake kilifahamika baada ya kuchorwa ramani ya kemikali moja katika ubongo wa panya.

Mwaka 1998 makundi mawili ya watafiti nchini Marekani yaligundua, kila moja kwa njia yake, peptidi ileile ya neva. Kundi moja liliipa jina la haipokretini, jingine oreksini. Swali lililofuata lilikuwa: inapatikana wapi?

Ili kulijibu, ubongo wa panya hukatwa vipande vyembamba mno, kisha hutumika mbinu mbili. Ya kwanza hutafuta RNA yenye maagizo ya kuunda peptidi, nayo hubainisha seli zinazoitengeneza. Ya pili hutumia kingamwili zilizotiwa rangi, ambazo hunata kwenye peptidi yenyewe na hivyo kuonyesha pia nyuzi zinazoisafirisha. Ni lazima zisomwe pamoja, kwani peptidi huweza kuonekana mbali sana na mahali inapotengenezwa.

Ndivyo ilivyo kwa oreksini. Seli zinazoitengeneza katika panya ni elfu chache tu, zikiwa zimekusanyika katika haipothalamasi, sehemu ndogo iliyo chini ya ubongo. Nyuzi zake, hata hivyo, zimetapakaa karibu ubongo wote hadi uti wa mgongo, na husongamana hasa katika vituo vya shina la ubongo vinavyotuweka macho. Kisima ni kimoja, wanywaji ni mji mzima.

Je, kisima kikikauka? Mwaka 1999 panya walioondolewa jeni ya oreksini, pamoja na mbwa wenye kasoro katika kipokezi chake, walibainika kuwa na nakolepsi. Mwaka 2000 uchunguzi wa ubongo wa marehemu waliougua maradhi hayo ulionyesha kwamba asilimia 85 hadi 95 ya seli hizo zilikuwa zimetoweka. Ramani ya panya ndiyo iliyoelekeza mahali pa kutazama.

Kwa hiyo, mwenye dalili hizo asilaumiwe, bali apelekwe kwa daktari. Seli zilizopotea bado hatuwezi kuzirudisha, lakini dawa za kupunguza dalili zipo.