Ng'ombe Aliyekula Scania

Sogeeni motoni, wajukuu zangu, maana Julai ya Kilolo haimwonei mtu haya. Baridi yake huingia hadi kwenye kucha.

Mchana mwenzenu mmoja kaniuliza, "Babu, enzi zenu mlikuwa mnanunuliwa nini cha kujengea?" Nikamjibu kwamba sisi tulikuwa na boksi la vifaa lenye ukubwa wa ekari mbili. Akacheka, akadhani namtania. Haya, leo nalifungua boksi lenyewe, mkague wenyewe.

Nilikulia Ilula, siku hizo kwetu kukiitwa bado Iringa Vijijini. Wilaya ya Kilolo ilikuja baadaye, mwaka 2002. Mahindi tulipanda mvua za kwanza zilipoanguka, tukayavuna wakati wa baridi kama hivi. Mavuno yakishaingia ghalani, shambani hubaki mabua makavu, yamesimama mistari kwa mistari, yakisuguana kwa upepo. Kwa mzee wangu hayo yalikuwa malisho ya ng'ombe. Kwetu watoto ndiyo yalikuwa boksi.

Nipe hilo bua hapo nyuma yako. Tazameni. Kati ya fundo na fundo pana pingili, na kila pingili ina vitu viwili. Nje kuna ganda: gumu, linang'aa, halipindi kirahisi. Kazi yake ilikuwa kuusimamisha mmea usilale kwa upepo. Ndani kuna moyo mweupe, mwepesi mno. Mmea ulipokuwa hai, moyo huu ulijaa maji. Ulipokauka, maji yakatoka na hewa ikachukua nafasi yake. Ndiyo maana ukiubonyeza unabonyea, na ukiutupia mtoni unaelea.

Sasa angalieni vizuri, hapa ndipo penye siri. Ganda unalichana nyuzinyuzi, ukilikata kwa urefu wa kidole linakuwa msumari. Moyo ndio mbao. Unachoma msumari kwenye mbao, vinashikana. Gundi hakuna, nyundo hakuna. Bua moja linakupa mbao na misumari yake. Ila angalieni vidole, na msilimenye kwa meno kama tulivyofanya sisi. Ganda la bua hukata kama wembe, na mimi nina alama mdomoni hadi leo.

Matairi je? Kandambili iliyokatika haikutupwa kwetu. Tulichukua kopo dogo, tukatia mdomo wake motoni, tukaugandamiza kwenye soli. Likatoka duara safi, tairi tayari. Asiye na kandambili alitumia vifuniko vya soda, au makopo mawili ya kiwi ya viatu. Katikati tulitoboa kwa mwiba wa mgunga, tukapitisha ekseli ya kijiti.

Dada zetu nao walikuwa na boksi lao katika shamba hilohilo. Gunzi likawa mtoto, ndevu za mahindi zikawa nywele za kusuka, na mabua marefu yakaegemezwa pamoja yakawa nyumba ya kupikia. Lakini msidhani magari yalikuwa ya wavulana tu. Nitawaambia nani alinifundisha.

Kitu kimoja boksi letu halikuwa nacho: picha ya kuiga. Picha tuliifuata barabarani. Mnajua barabara kuu inapita Ilula ikielekea Zambia. Baada ya mwaka 1965, wakati Rhodesia ya walowezi ilipojitangazia uhuru wake, Zambia ilihitaji njia nyingine ya kufika baharini isiyopita huko, nayo ikapatikana kwetu. Malori yakapita usiku na mchana, mafuta yakienda juu, shaba ikishuka bandarini Dar es Salaam. Tuliketi kwenye tuta tukiyasoma kama mnavyosoma vitabu. Lori likipita, mmoja anauliza, "Nyuma lina matairi mangapi?" Usipojua, unangoja lingine.

Ndivyo tulivyogundua kwamba matairi ya nyuma huenda mawili mawili, ubavu kwa ubavu, yagawane mzigo. Na tulipokwenda kwa shangazi karibu na mlima Kitonga, tukasikia dereva akishuka kwa gia nzito, injini ikinguruma kulishikilia lori, badala ya kukanyaga breki njia nzima. Breki zikikanyagwa sana hupata moto, na harufu yake mnaijua wote mliowahi kupanda basi la Dar.

Basi nikaunda lori langu mwenyewe, Scania yangu. Kabini ya moyo wa bua, bodi refu, matairi ya kandambili mawili mbele, manne nyuma. Nikaipakia nyanya mbichi ndogondogo, nikazirundika juu kabisa kama mizigo ya sokoni Ilula. Nikaivuta kwa kamba kwenye mteremko wa nyuma ya nyumba. Haikufika hatua tano. Ikayumba, ikalala ubavu, nyanya zikatawanyika kwa kuku.

Nikaiweka sawa, ikaanguka tena. Mara ya tatu nikataka kuikanyaga.

Dada yangu alikuwa anapepeta maharage. Akaweka ungo chini, akaja, akalichukua gari, akalipima kwa jicho. "Lori lako limesimama kama mtu aliyebana miguu ndani ya basi," akasema. "Basi likikata kona, si ataanguka? Mpanue miguu. Na huo mzigo ushushe."

Nikakata ekseli ndefu zaidi, matairi yakakaa mbali kidogo na bodi. Nyanya nikazipanga safu moja tu, chini. Lori likashuka mteremko wote bila kuyumba. Miaka mingi baadaye, darasani, mwalimu alichora ubaoni kitovu cha uzito, akaeleza kwamba kitu chenye kitako kipana na uzito ulio chini hakipinduki upesi. Nikatabasamu peke yangu. Somo lile nilishalipata kwa mpepeta maharage.

Najua baadhi yenu mmeona matofali ya plastiki ya LEGO, yale ya kubonyezana. Msiyadharau, nayo yana hadithi nzuri. Yalitoka kwa seremala wa Denmark aitwaye Ole Kirk Christiansen, katika mji wa Billund. Mwaka 1932 alianza kuchonga vitu vya watoto kwa mbao, na jina LEGO limetokana na maneno ya Kidenmaki yenye maana ya "cheza vizuri". Tofali tunalolijua leo liliombewa hataza mwaka 1958. Wataalamu wa hesabu walikokotoa kwamba matofali sita tu ya rangi moja, kila moja lenye vifundo vinane, yanaweza kuunganishwa kwa njia 915,103,765.

Ni nyingi, nakubali. Lakini tofali lile limeshaamua litashikana wapi na mwenzake. Bua halijaamua. Popote utakapochoma msumari, hapo ndipo kiungo. Usipochoma vizuri linachanika, na wewe ndiye utakayejua kwa nini.

Wapo hata waliokua na kazi hii ya mikono wakaigeuza ya kubebea mizigo ya kweli. Kule Goma, mashariki mwa Kongo, watu huunda kwa mbao chombo cha magurudumu mawili kiitwacho chukudu, wakakitumia kubebea magunia ya viazi na makaa. Mji umemsimamishia msukuma chukudu sanamu yenye rangi ya dhahabu katikati ya barabara. Ukikitazama chombo chenyewe utadhani mtoto alichora, mtu mzima akakijenga.

Sasa mtaniuliza, Scania yangu iko wapi niwaonyeshe? Haipo. Niliiegesha kando ya zizi nikaenda kuteka maji. Ulikuwa mwisho wa baridi, na ng'ombe walikuwa wamefunguliwa mashambani kula mabua. Niliporudi nikamkuta mmoja ametulia, anatafuna kabini. Bodi lilishaingia. Yalibaki matairi ya kandambili, manne chini na mawili anayatema.

Nililia, sitawaficha. Mama akatoka jikoni, akamtazama ng'ombe, akanitazama mimi. "Nyamaza, baba. Kesho tutakunywa maziwa ya Scania."

Nikacheka huku machozi yakitiririka. Kisha nikaokota yale matairi sita, nikayafuta matope, nikaingia shambani kutafuta bua ambalo ng'ombe hawajalifikia. Lori la pili lilikuwa na tela.

Kwa hiyo sina cha kuwaonyesha ila hivi vidole, ambavyo mpaka leo vikishika bua vinatafuta fundo vyenyewe. Kalaleni sasa. Ng'ombe wa jirani watafunguliwa keshokutwa, na shamba lile pale chini bado halijaguswa. Atakayewahi kuamka ndiye atakayechagua pingili ndefu.