Mizani na Kimo cha Kijana Atakaye Uaskari

Kila mara jeshi la Kenya liandikishapo askari, vijana kwa maelfu hukusanyika katika viwanja vya wilaya tangu alfajiri. Wengi huja na vyeti vizuri vya masomo. Lakini cheti peke yake hakitoshi, kwa maana kila mmoja hupimwa kimo na kupandishwa juu ya mizani, na wengi hurudi makwao siku ile ile kwa kukosa inchi moja au ratili chache.

Masharti yenyewe si siri. Katika matangazo ya miaka ya karibuni, atakaye kuwa askari wa kawaida hutakiwa awe na umri wa miaka 18 hata 26. Kimo cha mwanamume kisipungue futi 5 na inchi 3, yaani mita 1.60, na uzito wake usipungue kilo 54.55, ambazo ni ratili 120. Uzito wa mwanamke usipungue kilo 50, yaani ratili 110. Tena sharti daktari aridhike na afya yake.

Kwa Nini Hupimwa?

Wako watu wasemao ya kuwa ushujaa u moyoni, wala si mwilini. Neno hilo lina kweli yake, lakini askari hubeba bunduki, risasi, maji na chakula, na mzigo huo haupungui kwa sababu mbebaji ni mwembamba. Tena mtu aliyekonda mno, akiugua, hana akiba mwilini ya kushindana na maradhi.

Nchi hii ilijifunza jambo hilo kwa uchungu. Katika vita vya 1914 hata 1918, wapagazi wa Afrika ya Mashariki walikufa kwa makumi ya maelfu. Wengi wao hawakuuawa kwa risasi, bali kwa maradhi kama kuhara damu, na kwa chakula kibaya. Jina la Kariokor, pale Nairobi, ni ukumbusho wao hata leo.

Uingereza nayo ilipata fundisho lake. Katika vita vya Makaburu, vilivyoanza mwaka 1899, vijana wengi wa mijini waliotaka uaskari walikataliwa kwa udhaifu wa mwili. Serikali ikaunda kamati, nayo ikatoa taarifa yake mwaka 1904. Mwaka 1906 ikapitishwa sheria ya kuwaruhusu wakuu wa miji kuwalisha watoto wa shule wenye njaa, na mwaka 1907 sheria ya kuwapima afya wanafunzi. Ikafahamika ya kuwa askari huanza kujengwa jikoni kwa mama yake.

Chakula na Kimo

Hapa Kenya, mabwana Orr na Gilks walitoa mwaka 1931 taarifa ya uchunguzi wao juu ya Wamasai na Wakikuyu. Waliona ya kuwa mwanamume wa Kimasai, aliyelelewa kwa maziwa, nyama na damu, alimzidi mwenzake wa Kikuyu, aliyekula zaidi nafaka na viazi, kwa inchi 5 za kimo na ratili 23 za uzito. Wataalamu wa baadaye wameukosoa uchunguzi huo, lakini hakuna anayekana ya kuwa mtoto akosaye chakula bora hudumaa.

Basi, kijana anywaye maji mengi na kula ndizi kumi asubuhi ya kupimwa hujidanganya. Maji hutoka upesi, na kimo hakiongezeki kwa shibe ya siku moja. Wala kufikisha kilo 54.55 si mwisho wa mambo. Uzito huo wamfaa mtu wa futi 5 na inchi 3, lakini mtu wa futi 6 mwenye uzito huo amekonda mno; kwa kimo chake, afya yataka walau kilo 62.

Afanye Nini Kijana?

Yampasa ajitayarishe miezi mingi kabla. Ale maharagwe, mayai, omena na maziwa pamoja na ugali wake. Akimbie kidogo kidogo, akiongeza mwendo kila juma. Aache pombe na sigara. Aone daktari mapema, ili kasoro iwezayo kutibika itibiwe kabla ya siku yenyewe.

Lililo kubwa zaidi, asimpe mtu fedha. Kuandikishwa jeshini hakuna ada yo yote, wala hongo haiongezi inchi hata moja. Hata hivyo kila mwaka wako wazazi wauzao ng'ombe au kipande cha shamba ili kununua barua ya uongo, na kijana afikapo Eldoret, kwenye chuo cha kufunzia askari, hukamatwa badala ya kupewa sare.

Ng'ombe yule angalibaki zizini, maziwa yake yangaliwafaa wadogo wa kijana huyo, ambao siku moja nao watapanda juu ya mizani ile ile.