Jina la muvi moja, muvi mbili: soma kasha kabla hujapost

Leo naleta somo lililonigharimu mteja, ili wewe usilipie tena.

Nina kaduka Katesh, Hanang. Nauza deki, rimoti, nyaya na DVD original za mtumba ninazofuata Arusha. Picha naweka stetasi ya WhatsApp, mzigo unaenda kwa basi.

Siku moja nikaweka kasha, nikaandika: "Drunken Master ya Jackie Chan, original, 12,000." Kaka mmoja wa Haydom, kule Mbulu, akalipia siku hiyohiyo. Ilikuwa zawadi ya baba yake. Mzee aliiona zamani kwenye kibanda cha video na mpaka leo anaisimulia.

Mzigo ulipofika, simu ikaita: "Mdogo wangu, mzee kaangalia mpaka mwisho. Anauliza, yule babu mlevi yuko wapi?"

Nikachukua kalamu, nikaanza kutafuta kosa liko wapi. Kumbe ziko mbili.

Ya kwanza ni ya 1978, imeongozwa na Yuen Woo-ping. Ndiyo yenye yule babu mlevi anayemtesa Jackie kwa mazoezi, na aliyeigiza babu ni Yuen Siu-tien, baba mzazi wa huyo mwongozaji. Ya pili, Drunken Master II, ni ya 1994. Jackie yumo tena, kulewa na kupigana kupo, ila babu hayupo. Marekani waliitoa hiyo ya pili mwaka 2000 kwa jina The Legend of Drunken Master, wakaweka sauti za Kiingereza na kukata kipande cha mwisho. Hiyo ndiyo niliyotuma. Jina nililiandika nusu, mteja akajazia nusu yake kichwani.

Tangu siku hiyo, kabla sijapost muvi ya zamani nageuza kasha na kuandika mambo manne:

1. Jina lote na mwaka. Mwaka huwa nyuma, maandishi madogo. Tumia tochi ya simu.

2. Lugha. Wengi wetu muvi hizi tulizijua kwa sauti za kina Lufufu wakitafsiri Kiswahili. Diski original haina hiyo sauti. Mwambie mteja mapema, asije akadhani umemtapeli.

3. Namba ya kanda. Tafuta kamchoro ka dunia chenye namba. DVD ya Marekani ni 1, Uingereza ni 2, Tanzania tuko 5. Deki nyingi za bei ya chini zinasoma zote, ila siyo zote. Muulize mteja anatumia deki gani.

4. Aina ya diski. Ile ya 1978 kampuni ya Eureka ya Uingereza iliitoa kwenye Blu-ray mwaka 2017, picha imesafishwa upya. Nzuri sana, lakini deki ya kawaida ya DVD haiisomi Blu-ray. Kwa macho zinafanana, usimpelekee mtu sahani ya kutazama tu.

Halafu muulize mteja swali moja: "Unakumbuka nini kwenye hiyo muvi?" Angenijibu "yule babu", biashara ingeishia hapo kwa amani.

Rafiki yangu alinishauri niishushe mtandaoni, nichome kwenye diski tupu, nimpelekee mzee yaishe. Nilitamani, sidanganyi. Lakini kunakili kazi ya mtu na kuiuza bila ruhusa ni kosa kwa Sheria ya Hakimiliki ya 1999, COSOTA wapo. Tena mimi nimejitangaza kwamba nauza original. Nikishachoma moja, zile nyingine zote nani ataziamini?

Nilimrudishia 12,000 yake, na 3,000 ya basi juu yangu. Alishukuru, ila hajanunua tena. Simlaumu. Aliyeaibika mbele ya mzee wake ni yeye, siyo mimi.

Ile ya 1978 bado naitafuta kila nikipanda Arusha. Nikiipata, stetasi haitaiona. Inapanda basi la Haydom moja kwa moja.

Na wewe unayeuza viatu, simu au vipuri: bidhaa gani kwako ina jina moja lakini ziko mbili? Nenda kasahihishe maelezo yake leo.