Nani Amlipe Daktari? Tiba ya Maskini kati ya Brussels na Kasongo

Umbali kati ya mgonjwa na hospitali hupimwa kwa kawaida kwa kilomita, na katika vijiji vya Maniema au Kigoma kipimo hicho hueleza mengi, kwani mama mwenye uchungu anayepakiwa kwenye pikipiki usiku wa masika anaujua umbali kuliko mtaalamu yeyote wa takwimu. Mjini Brussels kipimo hicho hakina kazi. Mkoa huo wa mji mkuu wa Ubelgiji, wenye manispaa 19 na wakazi zaidi ya milioni 1.2, una hospitali ya Saint-Pierre katikati ya mji, Brugmann upande wa Laeken, Erasme huko Anderlecht, Saint-Luc huko Woluwe na UZ Brussel huko Jette, na zote hufikiwa kwa metro, tramu au basi. Hata hivyo wapo wakazi wanaolala mtaa wa pili kutoka hospitali ya chuo kikuu na wasiokanyaga humo mpaka ugonjwa uwaangushe, kwa sababu kinachowatenga na daktari si njia bali ni swali la nani atalipa.

Jibu la Ubelgiji kwa swali hilo lina msingi katika amri ya kisheria ya tarehe 28 Desemba 1944, iliyotolewa miezi michache baada ya Wajerumani kufukuzwa Brussels, na ambayo jina la Achille Van Acker, waziri wa kazi wa wakati huo, halitengani nayo. Amri hiyo ilifanya bima ya ugonjwa kuwa lazima kwa kila mwajiriwa, ikakata mchango kwenye mshahara wake na kumtoza mwajiri naye. Fedha hizo, pamoja na ruzuku ya serikali, husimamiwa na taasisi ya taifa iitwayo INAMI, iliyoundwa kwa sheria ya tarehe 9 Agosti 1963, lakini mwananchi mwenyewe hashughuliki nayo. Yeye hujiandikisha katika chama cha kusaidiana, mutuelle kwa Kifaransa, ambacho ni ndugu mkubwa wa mituweli inayojulikana Rwanda. Vyama hivyo vilizaliwa katika karne ya 19 kutoka mikono ya Wakatoliki, ya wasoshalisti na ya waliberali, na mpaka leo rangi hizo hazijafutika kabisa, ingawa mwanachama wa kawaida hukichagua chama chake kwa sababu ofisi yake iko jirani au kwa sababu wazazi wake walikuwa humo. Asiyetaka chochote kati ya hivyo huingia katika mfuko wa umma uitwao CAAMI.

Bima hiyo hailipi kila kitu. Mgonjwa huchangia sehemu ya gharama, na kwa miaka mingi alitakiwa kwanza kumlipa daktari ada nzima kwa fedha taslimu, kisha apeleke stakabadhi kwenye chama chake ili arudishiwe sehemu kubwa yake, utaratibu usiomsumbua mwenye akiba lakini unaomfungia mlango mtu ambaye mwisho wa mwezi umemkuta mikono mitupu. Marekebisho yalikuja kidogo kidogo. Wenye kipato cha chini walipewa hadhi inayojulikana kwa kifupi kama BIM, ambayo hupunguza mchango wao. Mwaka 2002 ukawekwa ukomo wa jumla ya michango ambayo familia moja inaweza kutozwa kwa mwaka kulingana na kipato chake. Na tangu tarehe 1 Oktoba 2015 daktari wa familia analazimika kumtoza mwenye BIM mchango wake mdogo tu na kudai kilichobaki moja kwa moja kwa chama cha bima. Mtu aliye ndani ya mfumo huu, hata akiwa fukara, amekingwa kwa kiwango ambacho wakulima wengi wa Afrika Mashariki bado wanakisubiri.

Tatizo kubwa ni la aliye nje. Karibu na Porte de Namur, katika manispaa ya Ixelles, upo mtaa wa Matonge, uliopewa jina la mtaa wa Kinshasa, ambako Kilingala husikika pamoja na Kiswahili cha Bukavu na cha Lubumbashi, na miongoni mwa wanaopita humo wapo ambao ombi lao la hifadhi limekataliwa au ambao kibali chao cha kuishi kimekwisha muda. Hao hawawezi kujiunga na bima kwa njia ya kawaida. Sheria haikuwaacha kabisa, kwani kila manispaa ina kituo cha umma cha ustawi wa jamii, CPAS, kilichoanzishwa kwa sheria ya tarehe 8 Julai 1976, na kituo hicho kinawajibika kuwapatia kile kinachoitwa msaada wa dharura wa matibabu. Jina hilo hupotosha, na limewapotosha hata baadhi ya waganga, maana amri ya kifalme ya tarehe 12 Desemba 1996 inasema wazi kwamba msaada huo unaweza kuwa wa kinga au wa tiba, na unaweza kutolewa hospitalini au nje ya hospitali. Kliniki ya wajawazito, chanjo ya mtoto na dawa za kisukari zimo pia, si ajali na upasuaji peke yake.

Mlolongo wenyewe unastahili kutazamwa kwa karibu. Mgonjwa huenda CPAS ya manispaa anamolala, ambako ofisa wa ustawi hufanya uchunguzi wa kijamii, mara nyingi kwa kumtembelea nyumbani, ili kuthibitisha mambo mawili, kwamba kweli anaishi hapo na kwamba hana uwezo wa kulipa. Daktari naye hujaza cheti kinachosema kwamba matibabu hayo yanahitajika. CPAS ina siku 30 za kuamua, na ikikubali hutoa kadi au hati ya malipo, kisha serikali kuu hugharimia, na tangu 2014 sehemu ya hospitali hupitia mtandao wa kompyuta uitwao MediPrima. Kwenye karatasi utaratibu huu ni wa ukarimu kuliko ule wa nchi nyingi za Ulaya. Katika maisha, manispaa 19 maana yake ni CPAS 19, kila moja ikiwa na desturi zake kuhusu muda wa kadi, orodha ya madaktari na nyaraka za kuleta, na mtu anayelala kwenye kochi la binamu yake huko Schaerbeek baada ya kufukuzwa chumba cha Ixelles hulazimika kuanza upya. Uchunguzi wa nyumbani, uliowekwa kwa ajili ya kulinda fedha za umma, humtisha zaidi yule anayeogopa kugongewa mlango na mtu yeyote wa serikali, naye huchagua kuvumilia maumivu. Akizidiwa na kukimbizwa hospitali bila kadi, bili hubaki kwa jina lake, na isipolipwa inaweza kuishia kwa dalali wa mahakama.

Hapo ndipo vinapoingia vituo vya afya vya mitaa viitwavyo maisons médicales, na asili yake inarudi kwenye mgomo. Mwezi Aprili 1964 madaktari wa Ubelgiji waligoma kwa siku 18 kuipinga sheria ya 1963, kwa kuhofia kwamba dola lingewapangia ada na namna ya kufanya kazi. Wachache waliokuwa na mawazo tofauti walianzisha mwaka huohuo kundi la utafiti kwa ajili ya mageuzi ya tiba, GERM, ambalo lilidai kwamba mfumo ujengwe kuanzia chini, kwa vituo vidogo vyenye daktari, muuguzi na mtaalamu wa mazoezi ya viungo wakifanya kazi pamoja kwa ajili ya wakazi wa mtaa unaojulikana. Katika miaka ya 1970 vituo hivyo vikaanza kufunguliwa, kimojawapo kikiwa katika mitaa ya wafanyakazi ya Molenbeek, na katika miaka ya 1980 vikapata njia mpya ya malipo: badala ya kulipwa kwa kila mgonjwa anayeingia mlangoni, kituo hupokea kila mwezi kiasi maalumu kwa kila mtu aliyejiandikisha, awe mzima au mgonjwa, naye hachangii chochote afikapo. Aliyejiandikisha kwa upande wake hukubali kutokwenda kwa daktari mwingine wa familia, na akienda, gharama ni yake.

Njia hiyo hubadilisha hesabu nzima, kwa kuwa kituo hakinufaiki tena na wingi wa maradhi, na saa moja ya kumfundisha mgonjwa wa kisukari kula vizuri haiwi tena saa ya hasara. Wapinzani hawakukosekana. Mwaka 2016 waziri wa afya Maggie De Block alisimamisha uidhinishaji wa vituo vipya vya aina hiyo na kuagiza ukaguzi wa hesabu uliopewa kampuni ya KPMG, na zuio hilo halikuondolewa hadi 2018. Haikuwa haki kuvitilia shaka vituo hivyo kwa sababu tu vinalipwa kwa namna tofauti, lakini ukaguzi wa fedha za umma nao hauwezi kuitwa dhuluma.

Jambo ambalo wakazi wengi wa Brussels hawalijui ni kwamba wazo la kituo chenye watu wake maalumu lilikuwa likijaribiwa wakati huohuo katika nchi ya Waswahili. Pierre Mercenier, mmoja wa waliolea fikra za GERM, alikuwa pia profesa katika Taasisi ya Tiba ya Kitropiki ya Antwerp, iliyoanza Brussels mwaka 1906 kama shule ya kuwaandaa waganga wa Kongo. Yeye na mwenzake Harrie Van Balen waliusimamia mradi wa Kasongo, katika Maniema, mji uliokuwa ngome ya Tippu Tip katika karne ya 19, na kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970 kikosi chao kilijenga huko mtandao wa vituo vya afya vilivyoongozwa na wauguzi, kila kimoja kikiwa na eneo lake, na nyuma yake hospitali moja ya rufaa. Katika vituo vya mtindo huu kadi ya mgonjwa wa kifua kikuu au ya mtoto wa chanjo huwekwa kisandukuni kulingana na siku anayotakiwa kurudi, hivyo kadi zinazobaki bila kuguswa siku hiyo ikipita humwonyesha muuguzi, bila kompyuta, ni nyumba zipi za kufuatwa. Mfano huo, pamoja na mingine iliyofanana nao, uliingia katika sera ya Zaire, yaani Kongo ya wakati huo, ambayo katikati ya miaka ya 1980 iligawanywa katika zoni za afya 306. Leo Kongo ina zoni 519.

Fedha ndizo zilizokuwa kisigino dhaifu. Huko Bwamanda, kaskazini-magharibi ya nchi, hospitali iliyosaidiwa na Wabelgiji ilianzisha mwaka 1986 bima ya hiari ambayo wanavijiji waliilipia kila mwaka baada ya mavuno, wakiwa na fedha mkononi, na waliojiunga walilazwa takriban mara mbili ya wasiojiunga. Utafiti wa Bart Criel na wenzake, uliochapishwa mwaka 1999, ulionyesha hata hivyo kwamba wanachama wa vijiji vya mbali walinufaika kidogo kuliko wale wa karibu ingawa mchango ulikuwa uleule, yaani maskini wa mbali walikuwa wakiwagharimia majirani wa hospitali. Mfuko wa Afya ya Jamii wa Tanzania, ulioanza kwa majaribio Igunga mwaka 1996, nao uliendeshwa kwa michango ya hiari ya kaya.

Mwaka 1990, baada ya wanafunzi kuuawa katika chuo kikuu cha Lubumbashi, Ubelgiji ilisimamisha ushirikiano wake na Zaire, na zoni nyingi zikabaki zikiishi kwa ada za wagonjwa. Mpango wa kujifungua bila malipo uliozinduliwa Kinshasa mwezi Septemba 2023 umelenga kupunguza mzigo huo, lakini kwa maradhi mengine mgonjwa wa Kongo bado hulipa kutoka mfukoni, na si ajabu kwa aliyepona kuzuiliwa wodini mpaka deni lake limalizwe. Wanaopigiwa simu wakati huo mara nyingi ni ndugu walioko Ulaya. Mfanyakazi wa usafi anayetoka Matonge kutuma fedha za upasuaji wa shangazi yake huko Kasongo anachangia mifuko miwili ya bima, mmoja ukikatwa kwenye mshahara wake kwa sheria ya 1944, na wa pili usio na kanuni, usio na ukomo wa mwaka, na ambao hakuna chama kitakachomrudishia hata senti yake.