Ndege ya Mbao Haidanganywi

Mtu atokapo Lilongwe kwenda makazi ya wakimbizi ya Dzaleka, wilayani Dowa, hupitia Lumbadzi, penye Uwanja wa Ndege wa Kamuzu. Makazi hayo yalifunguliwa mwaka 1994, na Kiswahili husikika humo kila upande, kwani wakazi wengi wametoka Kongo, Burundi na Rwanda. Kwa wazazi wa huko neno ndege lina uzito wake. Ni chombo kilichowachukua majirani waliopata nchi mpya ya kuishi. Na tangu Marekani iliposimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi Januari 2025, wengi waliokuwa wakingoja wangali wakingoja. Kwa mtoto, hata hivyo, ndege yaweza kuwa kazi ya mikono yake mwenyewe, wala haihitaji kibali cha mtu.

Watoto wa Malawi ni mafundi hodari wa galimoto, yaani magari ya waya. Ndege ni mtihani mwingine. Gari lililopinda kidogo bado litakwenda likisukumwa. Ndege iliyopinda huanguka, hata ikipakwa rangi ya kupendeza namna gani.

Katika nchi za nje huuzwa masanduku yenye mchoro wa ukubwa kamili pamoja na vipande vya balsa vilivyokwisha kukatwa. Balsa ni mti mwepesi wa Amerika ya Kusini, na mtu asidhani ni wa vichezeo tu: ndege ya kivita ya Waingereza iitwayo Mosquito, iliyoruka mara ya kwanza Novemba 1940, ilikuwa na kiwiliwili cha balsa iliyobanwa baina ya mbao nyembamba, na mafundi wa samani walishiriki kuiunda.

Asiye na sanduku asikate tamaa. Na akate ubavu mmoja wa bawa kwa kadibodi, kisha aufuatishe huo huo kukata mbavu zote, ili zilingane. Fito za mianzi iliyochanwa zafaa kuzishikilia. Mchoro utandazwe juu ya ubao na kufunikwa kwa nailoni, gundi isije ikaushika. Wembe aushike mzazi. Gundi iachwe ikauke usiku kucha; hapa ndipo watoto wengi, na baba zao pia, hushindwa kuvumilia.

Kabla ya kurusha, iinue ndege kwa ncha za vidole viwili chini ya mabawa, kiasi cha theluthi moja kutoka ukingo wa mbele. Ikiinamia mkia, bandika udongo wa mfinyanzi puani. Kisha irushe polepole kuelekea upepo, juu ya nyasi. Ikipanda, ikasita na kuporomoka, ongeza udongo. Ikipiga mbizi, punguza.

Mwaka 1878 baba mmoja huko Marekani aliwaletea wanawe kichezeo kilichoruka kwa nguvu ya mpira. Wana hao walikuwa Wilbur na Orville Wright, walioruka kwa injini mwaka 1903. Karibu zaidi nasi, Januari 2020, UNICEF na chuo kikuu cha Virginia Tech walifungua mjini Lilongwe chuo cha kuwafundisha vijana wa Afrika kuunda na kurusha droni, yaani ndege zisizo na rubani. Droni nayo hutaka uzani sawa kabla ya kuachiwa. Kutoka Dzaleka hadi Lilongwe hazifiki kilomita 60, ila mkimbizi huhitaji kibali ili atoke makazini.